Mafuta ya Rangi Mbili

Nina hasira za karibu. Wanafunzi wangu wote wanalijua hilo, na wale wa bweni la upande wa reli wanalijua kuliko wengine, kwa kuwa ndio niliowalea. Sikuomba kuwalea. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na hiyo ilinitosha. Lakini miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye macho aliona mlango wa kutokea, na matroni wetu akaacha kazi akaenda kuuza mitumba sokoni. Mkuu wa shule akatazama huku na huku ofisini kwake, akanikuta mimi nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

“Wewe unakaa hapa hapa shuleni,” akasema. “Na una roho ya mama.”

Roho ya mama! Nilimwambia nina roho ya askari. Akacheka, akanipa funguo.

Shule yetu ya wasichana ilikuwa magharibi ya mji wa Dodoma, kabla hujafika Zuzu, mahali ambapo upepo wa mwezi wa tisa hukutia vumbi mpaka kwenye meno. Maji yaliletwa na gari la boza, siku yakiletwa. Wasichana walioga wawili wawili kwa ndoo moja, na yale yaliyobaki wakafulia. Ngozi zilipauka, visigino vikapasuka, midomo ikatoa damu mtu akicheka. Kwa hiyo mafuta ya kupaka hayakuwa urembo kwetu. Yalikuwa kama chakula, na kama chakula, yaliliwa pamoja. Bweni zima lilichanga kopo moja kubwa la mafuta ya mgando, likawekwa juu ya sanduku la kiranja, na kila aliyetoka kuoga alichovya kidole. Aliyekuwa na kopo lake la peke yake alionekana mchoyo, na mchoyo hana rafiki bwenini.

Madukani vitu vilikuwa vimejaa. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni tulikuwa bado hatujazoea kuona sabuni za kila harufu zimepangwa tu, hazina mwenyewe. Maduka ya dawa nayo yalichipuka. Zamani dawa ulipewa zahanati, baada ya kupimwa na kuandikiwa. Sasa ulisimama dirishani ukasema, “Nipe rangi mbili,” ukapewa kiasi ulichotaka, hata kepsuli mbili tu, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Rangi mbili ndilo jina tulilozipa, nusu nyekundu, nusu njano, na tuliziamini kwa kila kitu, kuanzia kikohozi mpaka tumbo. Kwa kidonda hukuzimeza kabisa. Ulifungua kepsuli, ukanyunyiza ule unga wa njano juu ya kidonda, ukafunga kitambaa. Ukiuliza nani alitufundisha, sijui. Mji mzima ulifanya hivyo.

Majipu yalianza bwenini kwangu. Mwanzo yalikuwa kichekesho. Msichana mmoja wa kidato cha pili alipata la makalioni, akawa anasoma amesimama nyuma ya darasa, na wenzake wakamwita mlinzi. Wiki ile haikuisha, walinzi wakawa wengi. Majipu ya kwapani, ya mapajani, ya shingoni chini ya kola. Nesi wetu wa shule aliyatumbua, akawapa vidonge alivyokuwa navyo, yakapoa, yakarudi mahali pengine. Likipona la huyu linaota la jirani yake. Yakavuka uwanja yakaingia mabweni mengine, na mimi nikaacha kucheka.

Sasa niwaeleze watu wawili, maana bila wao hakuna la kusimulia.

Wa kwanza ni kiranja wa bweni langu, kidato cha nne, mtoto wa mjini, wa zile familia za Kiislamu zilizofanya biashara Dodoma tangu enzi za misafara. Alikuwa na ulimi mwepesi, mkono mwepesi zaidi, na madaraka aliyachukua kwa moyo wote. Angeweza kuendesha bweni lile bila mimi, na siku nyingine ndivyo alivyofanya.

Wa pili ni mtoto wake. Kwetu ilikuwa desturi, kila wa kidato cha nne humchukua mmoja wa kidato cha kwanza akawa mtoto wake wa bwenini, wa kumfundisha kutandika, kumtetea na kumtuma. Wake alikuwa Mgogo, msichana mfupi kuliko wote, kutoka kijiji cha wafugaji upande wa Bahi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu maneno. Wenzake walipomcheka, kiranja aliwatolea macho tu na kicheko kikaisha. Walilala kitanda kimoja cha juu na chini, na kila jioni ungemkuta kiranja ameketi ukingoni mwa kile cha chini, akimpaka yule mdogo mafuta miguuni huku akimsahihisha ngeli za majina. Niliwapenda kwa ajili ya zile ngeli.

Jioni moja yule mdogo hakuja kula. Nilimkuta kitandani, mwili unachoma, anashika nyonga ya kulia na hataki mtu aiguse. Juu ya goti kulikuwa na jipu lililokwisha kupasuka. Gari la shule lilimpeleka hospitali mjini, kichwa chake mapajani mwa kiranja, na mimi mbele nikimgombeza dereva kwa kila shimo.

Daktari alikuwa kijana, mwenye macho ya mtu asiyepata usingizi. Alisema usaha umeingia kwenye mfupa wa nyonga, na wadudu wameingia kwenye damu. Akaanza sindano. Siku ya tatu homa ilikuwa pale pale. Mtoto alianza kuongea ovyo, akiita ng'ombe kwa majina yao.

“Sindano hizi zilipaswa kufanya kazi,” daktari aliniambia ukumbini. “Nimepeleka usaha maabara uoteshwe, tuone dawa gani inaua na ipi haiui, lakini jibu litachelewa. Na dawa ninayoitaka badala ya hii ni chache. Siwezi kubahatisha. Mwalimu, kabla hajaletwa huku, alitumia dawa gani?”

“Vidonge vya nesi wetu.”

“Hivyo nimeandikiwa. Nauliza nyingine. Wadudu hawa wamezoea kitu. Nataka kujua wamezoea nini.”

Sikujua. Kusimama mbele ya mtu anayetaka kuokoa mtoto ukasema hujui, ni jambo baya sana. Nilirudi shuleni nimeuma meno.

Huko nako nilikuta moto mwingine. Mkuu wa shule alikuwa ameamua kufunga shule.

“Warudi makwao mpaka yaishe,” akasema.

“Yaishe wapi, mama? Watayapeleka kwa wadogo zao. Na kidato cha nne mtihani uko mlangoni.”

“Sasa unataka wafie mikononi mwangu?”

Tulibishana mpaka nikasahau kwamba ni mkubwa wangu. Mwisho alikubali tujaribu aliyoyasema daktari: kila mtu taulo yake, wembe wake, sabuni yake, jipu lifungwe lisiachwe wazi wala lisikamuliwe, magodoro yatolewe juani kila asubuhi na shuka zichemshwe. Mikono inawishwe kwa maji yanayotiririka, na kama boza halikuja basi maji ya kunawa yachotwe kwenye ya kupikia. Mpishi aliposikia hilo la mwisho alinitukana kwa Kigogo, nikamjibu kwa Kiswahili, tukaelewana. Na kopo la pamoja, marufuku. Nilipita bweni kwa bweni nikiyakusanya makopo mwenyewe, wasichana wakinitazama kama mtu anayewanyang'anya ugali.

Mabweni mengine yakaanza kutulia. Majipu mapya yalipungua, kisha ikawa nadra kuona mtu anachechemea. Langu halikutulia. Langu, nililolipekua kuliko yote, lililokuwa na kiranja bora kuliko wote, lilitoa majipu mapya kama vile hatujafanya lolote. Nilikuwa nikilala na kuamka na hofu, kwa sababu nilijua kuna kitu sikioni, na kule hospitali mtoto alikuwa anakwisha.

Nikawaita wote uwanjani, jua la saa kumi likiwa bado kali.

“Mwenzenu yuko kati ya kufa na kupona,” nikasema. “Daktari anauliza alitumia dawa gani. Sitamwadhibu mtu. Nani anajua?”

Walitazama miguu yao. Kununua dawa nje ya shule lilikuwa kosa la kufukuzwa, na mkuu wetu alikwisha kufukuza watu kwa makosa madogo kuliko hilo.

“Nani alimpa dawa?”

Nilimtazama kiranja. Macho yake yalikuwa mekundu, amekonda, maana alikuwa hali vizuri tangu mtoto wake alazwe.

“Hakuna aliyempa dawa, mwalimu,” akasema.

Na aliamini anachosema. Hilo nililielewa baadaye. Kwake dawa ni kitu unachomeza. Lakini siku ile niliona uso wa mtu anayeficha, nikafoka, nikawaita wauaji, neno ambalo hata sasa nikilikumbuka natamani ardhi inimeze. Nikaondoka nikawaacha wamesimama juani.

Nyumbani nilimkuta mwanangu analia. Nilipomvua kofia niliona kichwani, nyuma ya sikio, uvimbe mgumu wenye ncha nyeupe. Nilikaa chini sakafuni pale pale, mtoto mapajani, nikalia naye. Mume wangu alikuwa kazini Tabora. Sikuwa na mtu wa kumfokea.

Habari husafiri haraka bwenini. Jua halijazama, hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa kiranja.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba.” Sikumkaribisha.

“Mwalimu, nimesikia mtoto ameota jipu.” Alitoa kitu chini ya kanga, kikopo kidogo cha maziwa kilichofunikwa nailoni, akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. “Mpake haya. Yanashinda ya hospitali. Ila tafadhali, mkuu asijue.”

Nilifungua. Yalikuwa mafuta ya mgando, lakini si meupe. Yalikuwa na umanjano, na ndani yake kulikuwa na vipande vidogo vyekundu, maganda ya kepsuli ambayo hayakuyeyuka.

“Umetia nini humu?”

“Rangi mbili, mwalimu. Tulifungua nyingi, tukamimina unga wote kwenye kopo, tukakoroga. Walio na majipu wanapaka yapone, wasio nayo wanapaka yasiwapate.” Alisema kwa haraka, na ndani ya ile haraka kulikuwa na fahari. “Ulipochukua kopo lile kubwa, tulikuwa tumeshayagawa kwenye vikopo. Tunavificha darini.”

“Na yule mdogo?”

“Yeye nilimpaka mwenyewe. Kila jioni. Alipoanza kuumwa nikampaka mara mbili.”

Nilisimama pale na kikopo mkononi, mwanangu begani, nikihisi hasira yangu yote ikitafuta pa kwenda isipate. Angekuwa amekuja kunidanganya ningejua la kufanya. Alikuwa amekuja kuniletea kilicho bora alichokuwa nacho, akijua kinaweza kumfukuzisha shule wiki chache kabla ya mtihani, kwa sababu tu mtoto wa mwalimu aliyemwita muuaji alikuwa anaumwa.

“Vaa viatu,” nikamwambia. “Twende hospitali.”

Daktari alikichukua kikopo akakipeleka kwenye mwanga. Akakinusa. Akauliza maswali, kiranja akajibu yote bila kuficha. Kisha yule kijana akaketi kwenye benchi, akajipangusa uso.

“Sasa nimeelewa,” akasema. “Tazameni. Kidole kimetoka kwenye jipu, kimeingia kopo. Kingine safi kimeingia, kimetoka na wadudu. Na dawa iliyomo ni kidogo mno. Haiwaui. Inawaonyesha tu sura yake, kila siku, mpaka wanaizoea. Hao wadudu nao mmewasomesha, na wamefaulu vizuri.”

Daktari alikwisha kusimama. Ile sindano aliyokuwa akimpa mtoto, alisema, haikuwa na maana kwa wadudu waliopita shule hiyo. Aliamuru ibadilishwe jioni ile ile kwa ile iliyokuwa chache, na asubuhi wakampasua nyonga kutoa usaha. Jipu la mwanangu alilitumbua mwenyewe, akanifundisha kulisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akanikataza kulipaka kitu chochote, chochote kabisa.

Tukiwa nje tunangoja gari, kiranja aliuliza bila kunitazama.

“Mwalimu, ni mimi?”

Kuna walimu wangempa jibu zuri. Mimi nilisema, “Ni mafuta.” Akatikisa kichwa, akakaa chini ukingoni mwa barabara, akajifunika uso na kanga. Nilikaa karibu naye. Nilimwomba radhi kwa lile neno la uwanjani, akasema amenisamehe, lakini aliendelea kulia.

Kesho yake wasichana walileta vikopo vyao bila kutafutwa. Yeye ndiye aliyewaambia, mbele ya mkuu wa shule, akiwa tayari kufukuzwa. Mkuu alinitazama, kisha akaagiza kiberiti. Tulichoma mafuta yale nyuma ya jiko, yakawaka kwa moshi mweusi uliotukohoza wote. Baada ya hapo bweni langu nalo likaanza kutulia.

Homa ya yule mdogo haikushuka siku hiyo wala iliyofuata. Kiranja alisoma madaftari yake kando ya kitanda cha hospitali, nikimruhusu kila nilipoweza. Kisha asubuhi moja yule mdogo akafungua macho, akaomba uji, akauliza kwa nini dada yake amekonda. Daktari alisema atapona. Nyonga haitakunjika kama zamani, atatembea kwa kuchechemea maisha yake yote, lakini atapona. Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa sauti namna ile mahali pa watu.

Baba yake alifika mchana huo huo. Alikuwa mtu mrefu, wa makamo, shuka begani, aliyesafiri tangu alfajiri baada ya ujumbe kumfikia kwa kuchelewa. Alimshika bintiye mkono. Kisha akauliza yuko wapi yule dada anayesikia habari zake. Kiranja akasogea, akapiga goti.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu.” Alimwekea mkono kichwani. Kiswahili chake kilikuja polepole, kila neno likichaguliwa. “Huyu ametuambia yote. Kwamba unamlinda. Unampaka mafuta kama mama yake. Nilipokuja kumwona mwezi uliopita, akanipa ya kupeleka nyumbani. Mafuta mazuri sana. Tunawapaka wadogo zake kila siku. Hata majirani wamekuja kuomba, tukawagawia.”

Nilimwona kiranja akishika ukingo wa kitanda. Mkuu wa shule alitaka kuwarudisha wasichana mia kadhaa makwao na mimi nikapigana naye nisiyaruhusu majipu yatoke getini, kumbe yalikwisha kutoka, kwa heshima zote, yamefungwa kwenye nailoni.

“Baba,” akasema, “nisikilize. Msiwapake tena. Mafuta hayo ndiyo yaliyomuumiza.” Akamweleza.

Yule mzee alimtazama bintiye, akamtazama yeye. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

“Niliyabeba mimi,” akasema. “Kwa mkono huu.”

Nilimwomba daktari sabuni, vitambaa, na dawa ile kama inawezekana. Alitupa alichoweza, akasema watoto wenye homa waletwe bila kungoja. Nikamwambia kiranja arudi shuleni, mtihani ulikuwa umebaki siku chache, mimi nitakwenda na mzee.

“Wewe hawakujui, mwalimu,” akajibu. “Ukiwanyang'anya watakuficha, kama sisi tulivyokuficha. Mimi wananijua.”

Tulipanda gari la shule sote watatu. Njiani alikuwa akipanga maneno, akiyasema kwa sauti ya chini, akimuuliza mzee hili linaitwaje kwa Kigogo, na lile, akiyarudia mpaka ulimi umeyashika.

Tulifika ng'ombe wakirudi. Nyumba yao ilikuwa tembe ndefu, na mama alikuwa amesimama mlangoni. “Mbukwenyi,” akatuamkia, akatafuta uso wa mumewe. Alipoambiwa mtoto atapona, alishika kifua. Alipoambiwa huyu ni nani, alipiga kigelegele, akageuka akawaita watoto ndani, akiwaambia dada wa mafuta amekuja.

Wakatoka mbio, wadogo wa yule mgonjwa na watoto wa majirani pamoja nao, nyuso zinang'aa. Mdogo kabisa alikuwa na uvimbe pembeni ya pua, umeanza kuiva. Kiranja alisimama na sabuni mkononi, maneno yote aliyoyapanga njiani yamemtoka. Kabla hajasema lolote, watoto walijipanga mbele yake, wakafumba macho, wakainua nyuso wapakwe.